Kuchimba Bila Sululu, Pochi Bila Pesa

Katika Kaunti ya Taita Taveta, neno 'kuchimba' halihitaji kamusi. Mtoto wa Kasigau au Kamtonga hulijua mapema, kwa kuwa amemwona babake akitoka alfajiri na sululu, nyundo na dumu la maji, akarejea jioni mweupe kwa vumbi na, aghalabu, mikono mitupu. Ni katika ardhi hii ambapo mwanajiolojia Campbell Bridges alilipata, mwanzoni mwa miaka ya 1970, jiwe la kijani ambalo mwaka 1974 lilipewa jina la tsavoraiti kutokana na Tsavo yetu. Na ni katika ardhi hii hii ambapo aliuawa mwezi Agosti 2009 kufuatia mgogoro wa machimbo. Kwa hivyo, mtu wa Voi anapoambiwa kwamba kazi fulani ni ya kuchimba, huelewa mambo manne kwa mpigo: pana shimo, pana jasho, pana dalali, na pana uwezekano mkubwa wa kukosa.

Makala haya yananuia kulijadili neno hilo pamoja na mwenzake 'pochi', ambalo wengine huliita 'mkoba'. Maneno haya mawili yameingia Kiswahili upya yakiwa yamebebwa na biashara ya sarafu za kidijitali, hususan bitcoin. Msimamo wangu ni huu: neno 'kuchimba' tulibakishe, ila tulirudishie uzito lililo nao miongoni mwa wachimbaji wa Taita. Neno 'pochi' tuliache, kwa sababu linasema uongo, na uongo huo umekwisha kuwagharimu watu. Aidha, nashikilia kwamba kazi hii ni yetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, wala haifai kuachiwa wauzaji wa mashine.

Nianze na kisa kilichonifungua macho. Mjomba wangu alichimba Kasigau kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kifua kumlazimu kuiacha kazi hiyo na kuhamia mjini Voi, alikofungua duka dogo la vyakula. Siku moja mwanawe, kijana mwerevu wa simu, alimletea habari za mashine kuukuu ya kuchimba bitcoin iliyokuwa ikiuzwa Mombasa. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, ndipo nikaitwa mimi 'msomi wa lugha' niisome. Niliisoma yote na kuifasiri sentensi baada ya sentensi. Nilipomaliza, mjomba, ambaye hakuwa amesema neno, aliniuliza swali moja tu:

"Sasa mpwa wangu, shimo lake liko wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni swali la mtu aliyeachwa nyuma na wakati. Leo nakiri kwamba lilikuwa ndilo swali la pekee la maana lililoulizwa siku ile, na kwamba mimi, pamoja na shahada yangu, sikuwa na jibu.

Jibu lenyewe ni kwamba shimo halipo. Bitcoin ilielezwa katika waraka uliochapishwa Oktoba 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto, na ikaanza kufanya kazi Januari 2009. Msingi wake ni daftari moja la umma, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta kote ulimwenguni, nalo huonyesha ni anwani ipi iliyoilipa anwani ipi na kiasi gani. Kila baada ya takriban dakika 10 daftari hilo huongezwa ukurasa mpya uitwao bloku. Anayepata haki ya kuuongeza ni yule ambaye mashine yake imetangulia kukisia nambari inayotimiza sharti lililowekwa. Mashine haitatui fumbo lolote la werevu. Hukisia, ikakosa, ikakisia tena, mara trilioni kadhaa kila sekunde. Mshindi hupewa sarafu mpya. Mwaka 2009 zawadi hiyo ilikuwa bitcoin 50 kwa bloku, nayo hupunguzwa kwa nusu takriban kila miaka minne, hata kufikia Aprili 2024 ikawa 3.125. Jumla ya sarafu zote haitazidi milioni 21.

Sasa natuitazame tofauti moja ambayo mchimbaji wa Kasigau angepaswa kuelezwa kabla ya lingine lolote. Kasigau, wachimbaji wakiongezeka, mwamba haugeuki kuwa mgumu zaidi kwa sababu yao. Katika bitcoin hugeuka. Kila baada ya bloku 2,016, yaani takriban wiki mbili, mfumo hujirekebisha wenyewe: mashine zikiwa zimeongezeka, sharti la kukisia hukazwa ili ukurasa uendelee kupatikana kila dakika 10. Maana yake ni kwamba mashine iliyokuwa hodari jana huwa goigoi kesho bila kuharibika hata skrubu moja.

Mashine iliyoletwa Voi ilikuwa Antminer S9, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2016. Hukisia takriban mara trilioni 14 kwa sekunde, idadi inayotisha mtu akiisikia peke yake. Lakini mwaka 2025 mashine zote za bitcoin duniani kwa pamoja zilikuwa zikikisia zaidi ya mara trilioni milioni 800 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, utaona kwamba mtu mwenye S9 moja angesubiri, kwa wastani, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kuishinda bloku moja. Ndiyo maana wenye mashine hujiunga katika makundi, mithili ya vyama vyetu vya akiba, wakagawana kila mmoja kwa kadiri ya makisio yake. Fungu la S9 katika mgao huo, hata tukiikadiria bitcoin moja kuwa dola 100,000, ni takriban shilingi 100 za Kenya kwa siku.

Je, gharama nayo? Mashine hiyo hutumia takriban wati 1,350, mchana na usiku. Hizo ni uniti 32 za stima kwa siku. Tukichukulia uniti moja kuwa shilingi 25, mwenye mashine hulipa shilingi 800 ili apate shilingi 100. Hapa pana kejeli ambayo mwanafunzi wa semantiki hataikosa. Voi, neno 'tokeni' lilifika kwanza kupitia mita ya stima: mtu hununua tokeni, akabonyeza nambari, taa zikawaka. Katika biashara ya sarafu za kidijitali 'tokeni' ni jina la baadhi ya sarafu zenyewe. Binamu yangu, basi, alikuwa akinunua tokeni za aina moja kwa matumaini ya kupata utajiri wa aina nyingine, na ni zile za kwanza pekee zilizokuwa zikimalizika. Ilipotimia wiki ya tatu, stima ilikuwa imemeza zaidi ya shilingi 16,000, na mapato hayakufika 2,500.

Isitoshe, umeme wote unaoingia katika mashine hiyo hutoka ukiwa joto. Kuiwasha katika chumba cha mabati mjini Voi, mji ambao hauhitaji msaada wa mtu yeyote ili uwe na joto, ni sawa na kuwasha jiko la umeme na kulala nalo. Feni zake huvuma mfululizo, na vumbi jekundu huzijaza. Majirani walilalamika. Hatimaye mashine iliuzwa tena, kwa bei ambayo mjomba hapendi itajwe.

Nisieleweke kuwa nasema kazi hii haiwezi kumfaa mtu yeyote. Kampuni ya Gridless, iliyoanzishwa hapa Kenya mwaka 2022, huweka mashine zake kando ya mitambo midogo ya kuzalisha umeme vijijini, ikanunua umeme ambao haukuwa na mnunuzi mwingine. Katika Mbuga ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, uchimbaji wa bitcoin ulianza mwaka 2020 katika mtambo wa Luviro unaoendeshwa kwa maji ya mto. Mifano hii miwili inatufunza jambo moja: anayefaidi ni yule aliye na umeme usio na soko. Anayesoma mita na kununua tokeni dukani amekwisha kushindwa kabla ya kuiwasha mashine. Hali kadhalika, mchimbaji yu chini ya amri asizozitunga. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kabisa utaratibu wa kuchimba, na mashine zilizonunuliwa kwa ajili yake zikakosa kazi hiyo kwa siku moja.

Baada ya maelezo haya, msomaji anaweza kuuliza: mbona basi tulibakishe neno 'kuchimba', ikiwa hakuna kinachochimbwa? Jibu langu ni la kifasihi. Istiari haihukumiwi kwa kufanana kwa vitu tu. Huhukumiwa pia kwa kumbukumbu inazoziamsha. Katika Kiingereza istiari hii iliamsha kumbukumbu za dhahabu, na mtu aliyeiona dhahabu katika filamu pekee hukumbuka mng'ao wake. Katika Taita, kuchimba huamsha kumbukumbu za gharama. Anayechimba hutangulia kutumia, tena hutumia chake. Vijiwe anavyovipata hupita mikononi mwa madalali wawili watatu kabla ya kukatwa na kung'arishwa mbali na kwao. Anayekula kila siku bila kukosa ni yule amuuziaye sululu, unga na tochi. Yote haya ni kweli kwa mashine ya bitcoin: muuzaji wa mashine hulipwa siku ya kwanza, muuzaji wa umeme hulipwa kila siku, na mchimbaji hulipwa mwisho, kama atalipwa. Kwa hivyo neno letu ni zuri. Kilichoharibika ni kwamba tumelipokea upya kutoka ughaibuni likiwa limeoshwa vumbi.

Aidha, swali la mjomba la shimo lina upande wa haki. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaagiza kwamba mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 70 iende kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Tunaweza kulalamika kuhusu utekelezaji wake, ila angalau sheria inajua shimo liko wapi na nani anaishi kando yake. Mashine inayovuma katika chumba cha Voi haina jamii ya asilimia 10. Iliyo nayo ni mita.

Nije sasa kwa neno 'pochi', ambalo nalichukulia kuwa hatari zaidi.

M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, ilikuja na Kiswahili chake: pesa, kutuma, kutoa, wakala, nambari ya siri. Nyanya asiyejua kusoma Kiingereza aliweza kuelezwa huduma hiyo nzima kwa dakika tano, kwa lugha yake, na aliyemweleza hakuhitaji kumficha chochote. Maneno yale yalisema kweli. Kulikuwa na pesa mahali, kulikuwa na kampuni iliyozishika, na mtu akisahau nambari yake ya siri alikwenda na kitambulisho akasaidiwa. Mazoea hayo ya karibu miaka 20 ndiyo Mkenya anayoyabeba kichwani anapoambiwa kwamba bitcoin huwekwa katika 'pochi' iliyo simuni.

Ilhali pochi hiyo haina pesa ndani yake, wala haijapata kuwa nazo. Sarafu zimo katika daftari la umma. Kilichomo katika programu inayoitwa pochi ni funguo, yaani nambari ndefu za siri zinazomwezesha mwenyewe kuliamuru daftari liihamishe sarafu kutoka anwani moja hadi nyingine. Programu inapoanzishwa, humwonyesha mtu maneno 12 au 24 ya kawaida ambayo ndiyo chimbuko la funguo zote. Aliye na maneno hayo ndiye mwenye mali, awe nani, awe wapi. Asiye nayo, hata awe na kitambulisho, hati ya kiapo na barua ya chifu, hana kitu. Hakuna kampuni ya kuendewa wala wakala wa kulalamikiwa.

Mjomba alipoambiwa na mwanawe kwamba ipo pochi isiyotobolewa na panya wala kuibwa na mwizi, alifurahi. Alitoa shilingi 40,000, malipo ya vijiwe vya kijani alivyokuwa amevihifadhi tangu enzi zake za Kasigau, akamwambia kijana amnunulie bitcoin na kumwekea 'pochini'. Programu ilimwonyesha kijana maneno 12 ya Kiingereza na kumwonya ayaandike. Yeye, akidhani ni tangazo kama matangazo mengine, akabonyeza pa kuendelea. Miezi michache baadaye simu iliibwa katika steji ya matatu. Baba na mwana walifunga safari hadi kwa wakala wa huduma za simu wakiwa na kitambulisho mkononi, wakaomba warudishiwe pochi yao.

"Pochi ya kampuni gani, mzee?" wakala aliuliza kwa upole.

Mzee alimtazama mwanawe. Mwana alitazama chini.

Ndugu msomaji, natuulizane. Iwapo programu ile ingeitwa 'mfuko wa funguo', je, kijana yule asingejiuliza mahali pa kuweka ufunguo wa akiba? Hakuna Mswahili asiyejua kwamba ufunguo hupotea, na kwamba mwenye nyumba hutengeneza wa pili akamwachia mtu anayemwamini. Neno 'pochi' lilimlaza usingizi, kwa kuwa pochi ni chombo cha kutiwa pesa, na aliyeiona pesa ikitiwa hana sababu ya kuhofia. Napendekeza basi kwamba katika maandishi yetu tuseme 'mfuko wa funguo' kwa programu hiyo au kifaa chake, 'maneno ya urejesho' kwa yale maneno 12 au 24, na 'daftari la umma' kwa ule msururu wa bloku. Atakayepata maneno bora ayalete. Sigombanii fahari ya kuunda neno. Nagombania ukweli wake. Tunakumbuka jinsi tulivyobishana kwa miaka mingi iwapo chombo hiki tukiite kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala ule ulikuwa na faida zake, ila hakuna aliyepoteza akiba yake kwa kuiita ngamizi kompyuta. Hapa jina lenyewe ndilo linaloelekeza mkono.

Kuhusu maneno ya urejesho, lipo jambo ambalo lingepaswa kutukera zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Maneno hayo huchaguliwa kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048, kwa mujibu wa utaratibu uliopendekezwa mwaka 2013. Zipo orodha za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno, Kicheki, na Kichina kwa aina zake mbili za maandishi. Kicheki kina wasemaji takriban milioni 10. Kiswahili, chenye wasemaji wengi kukishinda mara kadhaa, hakimo. Kwa hiyo mchuuzi wa Mwatate anayetaka kulinda akiba yake hulazimika kunakili kwa kalamu maneno 12 ya lugha asiyoimudu tahajia yake, akijua kwamba akiiacha herufi moja ikapotoka, huenda asifungue tena.

Kuunda orodha ya Kiswahili si kazi ya kukaa na kamusi alasiri moja. Katika orodha ya Kiingereza, herufi nne za mwanzo zatosha kulitambulisha neno lolote, kwa kuwa hakuna maneno mawili yanayolingana katika herufi hizo. Lugha yetu ya viambishi haikubali kanuni hiyo kwa urahisi. Kitabu, kitanda, kitambaa, kitana na kitasa yote huanza kwa 'kita'. Ni moja tu kati yake lingeingia. Mwanafunzi, mwanamke na mwanasheria yangeng'ang'ania nafasi moja. Funga, fungua na fungu vilevile. Je, tuache viambishi ngeli na kutumia mashina? Je, tupime herufi za mwisho badala ya za mwanzo? Je, maneno yenye lahaja mbili za matamshi yaondolewe? Haya ni maswali halisi ya mofolojia na fonolojia, na yangetosha tasnifu nzima ya uzamili. Nakubali pia kwamba orodha isiyotambuliwa na programu nyingi yaweza kumfungia mtu nje ya mali yake badala ya kumsaidia. Kwa hivyo hatua ya kwanza iwe maelezo ya Kiswahili yaliyo sahihi, na orodha ije baada ya kuafikiwa na waundaji wa programu.

Maelezo hayo hayahitaji kuwa marefu. Anayetaka kununua mashine aambiwe aulize mambo matatu kabla ya bei: hukisia mara ngapi kwa sekunde, hutumia wati ngapi, na uniti yangu moja ya stima ni shilingi ngapi. Akishindwa kuyajibu, asinunue. Akiombwa alipe kodi ya mashine iliyoko nchi ya mbali asiyoweza kuiona, akumbuke kampuni za upatu zilizowafilisi Wakenya wengi mwaka 2006 na 2007, ambazo nazo zililipa vizuri mwanzoni. Programu ya funguo aipakue kutoka kwa waundaji wake wenyewe, kamwe si kutoka kiungo alichotumiwa na rafiki wa rafiki. Maneno ya urejesho ayaandike kwa kalamu, mara mbili, katika karatasi mbili zinazowekwa mahali pawili. Asiyapige picha, asiyatume kwa ujumbe, wala asimtajie yeyote anayejidai kuwa mhudumu. Mwisho, ajaribu kuifungua upya kwa maneno hayo ikiwa na shilingi 100 ndani, kabla ya kuingiza 40,000.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wahandisi na wanauchumi, na kwamba chama cha Kiswahili kiendelee na ushairi wake. Nawajibu kwamba istiari ndiyo malighafi ya ushairi. Tunafundishwa kuihakiki katika diwani. Tunashindwaje kuihakiki pale inapomfilisi mtu? Wengine watasema kwamba kuyaeleza haya kwa Kiswahili ni kuwahimiza vijana wacheze kamari. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Hata hivyo, vijana wamekwisha kuingia. Tukinyamaza, mwalimu wao atabaki kuwa muuzaji, naye hana haja ya kuyataja mabaya.

Mwaka 2023 tuliwaona Wakenya wakipiga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, ili mboni zao zichanganuliwe na Worldcoin kwa malipo ya tokeni, hadi serikali iliposimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliagiza data hiyo ifutwe. Wangapi katika foleni ile waliulizwa, kwa lugha waliyoielewa, kile walichokuwa wakikikubali? Oktoba 2025 rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayozipa Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kuwasajili na kuwasimamia. Sheria hiyo, kama zilivyo nyingi za kwetu, iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi unaoishia katika hotuba za sikukuu haumlindi mtu katika steji ya Voi.

Nahitimisha kwa pendekezo. Chama chetu na vyama vya vyuo vingine, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taita Taveta ambacho kina wanafunzi wa uhandisi wa madini, vikutane na kutoa kijitabu kimoja cha kurasa chache, chenye istilahi na maonyo niliyoyataja. Wahandisi walete hesabu, sisi tulete maneno, na kabla ya kuchapishwa kisomwe kwa sauti mbele ya wachimbaji wa Kasigau. Neno litakalowakwaza litolewe.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ya mjomba imekiuka methali hiyo, kwani imo daftarini na habari zake zipo kila siku. Anwani yake ilibaki katika ujumbe wa siku ile ya kununua, na yeyote anaweza kuitazama. Kila nikienda Voi, mjomba huniomba nifungue simu yangu nimwangalizie.

"Bado ipo?" huuliza.

"Ipo, mjomba."

Hutikisa kichwa, akarudi kwenye duka lake kupima unga.